Majini wa Gemu na Majini wa Qur'ani: Somo Kutoka Vibanda vya Bwaise



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Somo la toleo hili linahusu filamu za kutisha, hasa zile zilizotokana na gemu. Najua wapo watakaofunua ukurasa haraka wakidhani wanakuja kukemewa, na wapo watakaosoma wakitafuta fatwa ya kumpelekea mwenzao wa chumbani. Wote nawaomba subira. Halali na haramu tutaigusa, lakini ninachotaka tukitazame kwanza ni aqida: tunaamini nini juu ya maiti, tunaamini nini juu ya majini, na ni nani anayetufundisha mambo hayo.

Anayeishi Bwaise, au anayepita pale akitoka Makerere kwenda Kawempe, anavijua vibanda. Kuta za mbao, paa la mabati, mabenchi, televisheni mbele, spika imeelekezwa mlangoni ili barabara nzima isikie. Nje kuna ubao wa chaki: mechi saa ngapi, filamu saa ngapi. Eneo lenyewe ni bonde, mvua ikinyesha mifereji hufurika, na nimeona watu wamepandisha miguu juu ya benchi, maji yanapita chini na filamu haisimami. Watu hawalipii picha peke yake pale ndani. Wanalipia sauti ya VJ, yaani msimulizi anayetafsiri filamu kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji, akaongeza utani, akawapa wahusika majina ya kwetu, na mji wa Marekani ukageuka kuwa Nansana au Katwe. VJ Jingo ameifanya kazi hiyo miaka mingi na jina lake linajulikana nchi nzima. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Bila watu hawa, asiyejua Kiingereza asingepata hadithi. Lakini hapo hapo ujue kwamba kwa wasikilizaji wake, maneno ya VJ ndiyo filamu yenyewe. Akisema kile kiumbe ni mzimu, basi ni mzimu.

Katika filamu za kutisha zinazorudiwa sana, mfano mkubwa ni Resident Evil. Ilianza kama gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani, iliyotoka Machi 1996, na huko kwao iliitwa Biohazard. Mchezaji anaingia kwenye jumba lililojaa maiti wanaotembea, risasi ni chache na milango inafunguka polepole. Mwaka 2002 Paul W. S. Anderson akaifanya filamu, Milla Jovovich akiigiza Alice, mhusika ambaye kwenye gemu hayupo kabisa. Zikafuata nyingine mpaka zikafika 6, ya mwisho ikitoka mwishoni mwa 2016, na mwaka 2021 wakaanza upya na waigizaji wengine. Katikati walikuwepo wenzake: House of the Dead ya 2003, Doom ya 2005, Silent Hill ya 2006. Zote ni gemu kwanza, filamu baadaye.

Mwanafunzi wa dini akizitazama, linalomshangaza kwanza ni namna ghaibu ilivyofukuzwa humo. Chukua Doom. Katika gemu ya 1993 adui anatoka Jahannam, waziwazi, bila kuficha. Filamu ilipotengenezwa, Jahannam ikaondolewa na mahali pake ikawekwa kromosomu: watu wanageuka madude kwa sababu ya majaribio ya kisayansi. Resident Evil ni hivyo hivyo. Maiti hawainuliwi na mchawi wala na Mungu, wanainuliwa na virusi vya kampuni iitwayo Umbrella. Kifo kimekuwa ajali ya maabara. Mwili unarudi, na katika filamu zote hizo hakuna anayeuliza roho imekwenda wapi.

Maiti na barzakh

Sisi swali hilo ndilo la kwanza kuuliza. Katika Sura Al-Muuminun, aya ya 99 na 100, tunaelezwa hali ya mtu anapofikiwa na mauti: anaomba arudishwe apate kutenda mema aliyoyaacha, naye anakataliwa, na mbele yao kuna barzakh hadi siku ya kufufuliwa. Katika Az-Zumar, aya ya 42, tunaelezwa kwamba Allah ndiye anayezichukua roho wakati wa kufa na wakati wa kulala, akaizuia ile aliyoihukumia mauti na kuirudisha nyingine mpaka muda wake. Kwa hiyo funguo za mlango huo haziko maabara wala kwa mganga.

Mtu anaweza kusema: mbona Qur'ani yenyewe ina habari za wafu waliorudi duniani? Ni kweli, na ni vizuri kuzijua. Katika Al-Baqara yupo yule aliyeuawa katika kisa cha ng'ombe (aya ya 72 na 73), na yule ambaye Allah alimfisha miaka 100 kisha akamhuisha (aya ya 259). Katika Aal Imran, aya ya 49, Isa (a.s.) anahuisha wafu kwa idhini ya Allah. Sasa tazama hao wanaorudi wanafanya nini. Yule wa miaka 100 anaulizwa amekaa muda gani, anajibu siku moja au sehemu ya siku. Anaonyeshwa chakula chake, anaonyeshwa punda wake, anafahamu, anakiri uwezo wa Mola wake. Yule wa ng'ombe, kwa maelezo ya wafasiri, alimtaja aliyemuua. Wamerudi na akili na ulimi. Anayefufuliwa katika Qur'ani anaulizwa na anajibu, na ufufuo mkubwa wa Kiyama nao ni wa kuulizwa.

Zombi hawezi kuulizwa kitu. Hana akili, hana taklifu, hana dhambi wala thawabu. Na watengenezaji wa gemu wanampenda kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1997 ilitoka gemu ya magari iitwayo Carmageddon, ambayo mchezaji alipata pointi kwa kugonga watembea kwa miguu. Uingereza wakaguzi waliikataa. Kampuni ikawageuza watembea kwa miguu kuwa mazombi wenye damu ya kijani, ikauzwa. Gari lilelile, barabara ileile, kugonga kulekule. Zombi ni mtu aliyevuliwa utu ili auawe bila mtu kusononeka.

Mimi naona hapa pana tatizo kubwa kuliko damu tunayoilalamikia kila siku. Dini yetu haijamvua maiti utu wake. Mtume (s.a.w.) amefundisha, kama alivyopokea Bi Aisha (r.a.) katika Sunan Abu Dawud, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoambiwa ni Myahudi akauliza kama hiyo si nafsi; habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tunamwosha maiti kwa upole, tunamsitiri, tunamswalia. Kijana aliyewapasua vichwa maiti 300 jioni moja kwenye gemu hajaua mtu, wala simhukumu hivyo. Lakini akiitwa msikitini kuosha maiti, ninajua wengi wanaokimbia. Ukiwauliza wanaogopa nini hasa, hawasemi wanaogopa kifo. Wanaogopa atainuka.

Na kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuanza na filamu. Tanzania wana msukule: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe, wanasema, amechukuliwa na wachawi na anafanyishwa kazi usiku. Buganda tuna abasezi, wanaosemekana kula maiti. Familia imezika Jumatatu, Ijumaa anakuja mganga anawaambia kijana wenu hakufa, yuko mahali, lipeni arudishwe. Wanalipa. Wanalipa tena. Eda ya mjane inavurugika, mirathi haigawiwi, dua kwa marehemu haziombwi kwa sababu eti si marehemu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, sala yake ya siku 40 haikubaliwi, na hadithi iko katika Sahih Muslim. Filamu ya virusi haikumleta mganga huyo. Ila kijana ambaye jioni nzima ameona maiti wakitoka makaburini, na hakuna aliyemfundisha barzakh ni nini, atambishia mganga kwa hoja gani?

Neno letu lilipofika Japani

Mwaka 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5. Mambo yanatokea katika mji wa kubuni uitwao Kijuju, unaowekwa Afrika Magharibi. Watu wa mji huo wameingiwa na vimelea vinavyowapa ukatili, na wanamwendea mchezaji kwa mapanga na mashoka. Wanaitwa Majini. Ndiyo, kwa herufi zetu hizi hizi, na gemu yenyewe inaeleza kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo mbaya. Tena hao Majini wanapiga kelele kwa Kiswahili! Afrika Magharibi! Sisi tunaojifunza Kiswahili Uganda tumezoea kuambiwa ni lugha ya askari na majambazi; sasa imepandishwa cheo, ni lugha ya wagonjwa wenye mashoka. (Mwenyeji wa Bwaise anaijua pia maana ya pili ya neno hilo, kila mvua ikinyesha yuko majini.)

Picha za gemu hiyo zilipoonyeshwa mwaka 2007 yalitokea malalamiko, kwa sababu shujaa ni Mzungu na anaowapiga risasi ni umati wa Waafrika. Hayo yamesemwa sana. Sikusikia sana wakizungumzia neno lenyewe. Kisha mwaka 2010 ikatoka filamu, Resident Evil: Afterlife, ikachota kutoka gemu hiyo: lile pande la mtu lenye gunia kichwani na shoka kubwa ni Majini wa Kijuju aliyehamishiwa Los Angeles, na pambano la mwisho na Wesker limefuata la kwenye gemu karibu hatua kwa hatua. Filamu hiyo ikafika Kampala kwenye diski, ikapita mikononi mwa wasimulizi, ikafika Bwaise. Neno lililoshuka katika Qur'ani, likapita pwani, likaenda Osaka, likarudi kwetu likiwa na gunia kichwani.

Niliwahi kumuuliza msimulizi mmoja wa kibanda kwa nini viumbe wale anawaita amajjini, wakati kwenye filamu ni wagonjwa wa virusi. Akanijibu bila kufikiri: nikisema zombi wanacheka, nikisema majjini wanaogopa. Ni jibu la mtu anayeijua kazi yake. Hofu haikubali neno la kigeni.

Basi tuwatazame majini kama tulivyofundishwa. Allah anaeleza katika Ar-Rahman, aya ya 15, kwamba amewaumba kwa ulimi wa moto. Katika Adh-Dhariyat, aya ya 56, wametajwa pamoja na watu kwamba hawakuumbwa ila wamwabudu Yeye. Hapo tayari tofauti ni kubwa: jini ni mukallaf. Ana akili, anaamrishwa, anakatazwa, atahesabiwa. Sura nzima, ya 72, imeitwa kwa jina lao, na inaanza na kundi la majini waliosikiliza Qur'ani wakastaajabu na kuamini. Aya ya 11 wenyewe wanasema wapo wema kati yao na wasio hivyo, na aya ya 14 wanasema wapo Waislamu na wapo waliopotoka. Katika Al-Ahqaf, kuanzia aya ya 29, waliosikiliza wanarudi kwa watu wao kuwaonya. Ni walinganiaji, ukipenda.

Na iko hadithi moja ninayoipenda, ya Ibn Mas'ud (r.a.) katika Sahih Muslim. Majini walimwomba Mtume (s.a.w.) chakula, akawapa mifupa iliyotajiwa jina la Allah. Kisha akawakataza masahaba kujisafishia mifupa baada ya haja, akieleza kuwa ni chakula cha ndugu zao. Amewaita ndugu. Amewawekea adabu mpaka katika jambo la chooni. Linganisha na Majini wa Kijuju, ambao kazi yao ni kuanguka kwa mamia.

Sisemi majini hawadhuru. Wapo mashetani kati yao, uchawi upo, ruqya ipo na ina mlango wake. Wala Capcom hawakulitoa hewani. Neno hilo walilikuta limeshaharibika mikononi mwetu. Waulize watu wa Kampala majjini ni nini, utaambiwa ni pepo la kuleta utajiri, linanunuliwa Mombasa, linakunywa damu, na wenye nalo ni Waislamu. Mfanyabiashara Mwislamu akifungua duka la pili, minong'ono inaanza. Binti aliyevaa niqabu akipanda teksi, yupo wa kunong'ona. Haya yanawagusa dada zetu wa chuo kila wiki, na ndiyo maana sikuona kuwa somo hili ni la mchezo. Kwenye kibanda, pale VJ anapotamka amajjini na kiumbe mwenye shoka akatokea, macho hugeuka kumtafuta mwenye kanzu, na atatokea wa kusema: hao si ndio wenu?

Ukiulizwa hivyo, usikasirike na usikanushe majini kwa kuona haya. Mwambie: katika kitabu chetu majini ni viumbe wa Mungu kama wewe na mimi, wapo wema na wabaya, watasimama siku ya hesabu, na kwetu kuwafuga au kuwaomba ni shirki. Al-Jinn, aya ya 6, inataja watu waliokuwa wakijikinga kwa majini na hilo likawazidishia uzito. Mtu wa Bwaise atakuelewa. Anajua kuna mizimu anayoambiwa aitolee kuku.

Tutazame au tusitazame?

Wapo ndugu wanaoharamisha filamu zote za kutisha kwa hadithi ya Abu Dawud, kwamba haimhalalikii Mwislamu kumtisha Mwislamu. Hadithi hiyo sababu yake ni sahaba aliyekuwa amelala safarini, mwenzake akachukua kamba yake, akashtuka. Kwa maoni yangu ya mwanafunzi, dalili hapa si ya moja kwa moja: aliyelala hakuomba kutishwa, na wa kibandani amelipa. Masheikh wetu wana la kusema zaidi na wao ndio wa kuulizwa. Lakini zipo sababu zilizo wazi zaidi ambazo hatuzitaji kwa kuwa ni za kawaida mno.

Ya kwanza ni Magharibi. Hapa Kampala haisogei sana mwaka mzima, iko karibu na saa moja kasorobo jioni, ikizidi au kupungua robo saa. Filamu ya saa 12 jioni, ya saa moja na nusu, inameza sehemu ya wakati wake, na ukitoka Isha haiko mbali. Hakuna VJ anayesimamisha filamu kwa adhana. Mkitaka kutazama, tazameni baada ya Isha au kwenye simu mnayoweza kuizima. Ya pili ni uchi, ambao katika filamu hizi upo, na mnaujua upo sehemu gani. Sina la kuongeza.

Ya tatu ni watoto, na hapa ile hadithi ya kutisha ninaiona imekaa mahali pake. Vibandani wanaingia watoto wa miaka 6 na 7, wametumwa sukari au wamefuata kaka zao. Wao hawakuchagua hofu. Baada ya maziko fulani mtaani kwetu, mtoto wa jirani alituuliza kama kaburi la babu yake limefungwa vizuri. Tulidhani anaogopa mbwa. Kumbe alikuwa ameona filamu. Ilibidi mjomba wake amchukue mpaka kaburini siku ya pili, amfundishe salamu tunayowatolea watu wa makaburi, amweleze kwamba babu amefukiwa kwa heshima, si kwa kuzuiwa asitoke. Mtoto akatoa salamu. Akauliza kama babu amesikia, na mjomba akanipigia simu, kwa kuwa mimi ndiye nasoma mambo hayo.

Mas'ala hayo ya kusikia kwa wafu yana khilafu ya maulamaa tangu zama za masahaba, na Bi Aisha (r.a.) alikuwa na kauli yake. Tutayaleta toleo lijalo, inshaAllah, pamoja na mlango wa ruqya. Mwenye swali aliandike na kulitia kwenye sanduku la jumuiya hapo msikitini kabla ya darsa la Alhamisi.

Wallahu a'alam.